Detour (1945): jamaa anakimbia kesi ambayo hakuna aliyemfungulia

MzeeWaKanda

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kuna mdau aliomba atajiwe filamu fupi ya kale, ya mtu anayeshukiwa kuua na hakuua. Watu wakamshushia orodha ya filamu za studio kubwa zenye mastaa wakubwa. Mimi nikaandika Detour, nikapotezewa kama muuza karanga msibani. Leo naifungulia uzi wake.

Tahadhari: nasimulia mpaka mwisho. Ni ya mwaka 1945, dakika 68 tu, na kwa kuwa hakimiliki yake Marekani ilishapotea utaipata bure mtandaoni. Asiyetaka kuharibiwa utamu akaangalie kwanza, atatukuta hapa hapa.

Inaanza kwenye mgahawa wa kando ya barabara huko Nevada. Jamaa hajanyoa, kachoka, kakiinamia kikombe cha kahawa. Dereva wa lori anatumbukiza sarafu kwenye mashine ya muziki, wimbo unaanza, jamaa anawaka: zimeni huo! Nusura atolewe nje. Halafu taa za mgahawa zinafifia, unabaki mwanga mmoja mwembamba umempita machoni, kama mtu aliyemulikwa tochi usingizini. Hapo anaanza kusimulia, kimoyomoyo. Karibu filamu yote iliyobaki ni hayo masimulizi.

Anaitwa Al Roberts, kachezwa na Tom Neal. Mpiga piano wa klabu ya usiku New York. Mpenzi wake Sue ni mwimbaji wa pale pale. Sue anachoshwa na maisha yale, anakwenda Hollywood kutafuta umaarufu, anaishia kubeba sahani mgahawani. Al hana nauli. Anaamua kumfuata kwa lifti, Marekani nzima, mashariki hadi magharibi.

Arizona anapata lifti ya bwana mmoja, Haskell. Gari la kukunja paa, hela za kamari, na mkononi ana mikwaruzo mibichi ya kucha. Anasema kapambana na mnyama hatari kuliko wote duniani, mwanamke. Anameza vidonge. Usiku Al anashika usukani, Haskell kalala. Mvua inaanza. Al anasimama afunge paa, anamwamsha mwenye gari, haamki. Anafungua mlango wa upande wake, Haskell anaporomoka kama gunia, kichwa kinagonga jiwe. Kafa. Kafia kitini kabla, au kauawa na jiwe, hatuambiwi.

Al anajisemea: nani ataniamini? Mtu wa lifti, hana senti, tajiri amelala chini kichwa kimepasuka. Basi anaificha maiti vichakani, anavaa nguo za marehemu, anachukua pochi, leseni, gari na jina.

Kesho yake, kwenye kituo cha mafuta, anampa lifti binti anayeitwa Vera (Ann Savage). Binti anajilaza kitini, anasinzia. Ghafla anafumbua macho, anamgeukia: "Maiti yake umeiacha wapi?" Wakuu, hapo mimi mara ya kwanza niliacha kutafuna. Vera ndiye mwenye zile kucha. Alipewa lifti na Haskell kabla ya Al, anamjua mwenye gari, na huyu aliyeshika usukani siye.

Kuanzia hapo Al ni mali ya Vera. Wanapanga nyumba Los Angeles kama mtu na mkewe, Bwana na Bibi Haskell. Mpango ni kuuza gari. Vera anasoma gazetini kuwa baba yake Haskell ni tajiri na yuko mahututi, hajamwona mwanawe kwa miaka mingi. Anataka Al ajifanye ndiye mwana aliyerudi, warithi. Al anakataa. Usiku wanakunywa, wanagombana, Vera anachukua simu na kukimbilia chumbani, anajifungia: nawaita polisi. Al akiwa nje anauvuta waya wa simu uliopita chini ya mlango ili aukate. Anavuta, anavuta. Akivunja mlango anakuta waya umemzunguka Vera shingoni.

Maiti ya pili. Safari hii kweli kwa mikono yake, bila kujua.

Sasa hoja yangu. Kila mahali filamu hii inaelezwa kuwa ya mtu aliyesingiziwa. Mimi nimeiangalia zaidi ya mara 10 na sijamwona aliyemsingizia. Hakuna polisi anayemtafuta Al Roberts. Polisi wanamtafuta Haskell, kwa kumuua "mkewe". Na maiti iliyookotwa kule vichakani ina nguo za Al, kwa hiyo Al Roberts kwenye rekodi ni marehemu. Aliyemfungulia Al mashtaka, akamsomea, akamtia hatiani kabla hata damu haijakauka, ni Al mwenyewe.

Karibuni.

Kapuku_Jr

Siti ya mbele. Kahawa ninayo, kashata ninazo.

Nyota_ya_Kusini

Nyeusi na nyeupe ya mwaka 45? Mzee, mimi filamu ya 2010 tu naiona ya kale. Nitalala dakika ya tano.

MzeeWaKanda

Nyota, lala. Vera atakuamsha.

BintiMvita

Shikamoo mzee wangu. Umesimulia vizuri mno, ila umemwamini Al kupita kiasi.

Hebu tuhesabu. Watu wawili wamekufa. Wote wamekufa yeye peke yake akiwepo. Wa kwanza kauawa na jiwe, wa pili na waya. Jiwe halisemi, waya hausemi, na maiti hazisemi. Aliyebaki kusema ni yeye. Na kifo cha kwanza kimemwachia gari, suti na pochi nono, cha pili kimemwondolea mtu pekee anayejua siri ya kile cha kwanza. Jamani, mkosi gani huu wenye faida?

Halafu msikilize anavyoongea. Hasimulii kama mtu anayekumbuka, anasimulia kama mtu aliye kizimbani. Najua hamtaniamini. Mngefanyaje mngekuwa mimi? Kila kosa lina mwenyewe mwingine. Mara ni majaaliwa, mara ni Vera, mara ni mvua. Kuna pale anaposema popote unapogeukia, majaaliwa yananyoosha mguu yakutege. Sawa baba, lakini nguo za marehemu ulivuliwa na majaaliwa ukavishwa?

Mimi nasema Haskell aliuawa. Vera sina hakika.

MseeWaUmoja

Huyo dada hapo juu ameongea. Mimi niko Nairobi na nitawapa angle ya kwetu.

Sisi tumekulia kwenye vibanda vya movie, DJ Afro akitafsiri. Nyinyi huko mlikuwa na Lufufu. Picha inasema kitu kimoja, DJ anasema chake. Jamaa kwa screen amenyamaza, DJ anampea maneno. Mtu analia, DJ anacheka. Na tulikuwa tunajua kabisa ni chumvi, ndiyo raha yenyewe.

Sasa rudi kwa Detour. Al ndiye DJ wa hii filamu. Ameshika kipaza sauti dakika 68. Ukimya wa Sue, kicheko cha Haskell, macho ya Vera, vyote anatutafsiria yeye. Jaribu hivi: zima sauti yake kichwani, angalia picha peke yake. Utaona jamaa anaburuta maiti, anabadilisha nguo, anahesabu pesa, anaondoka. Hiyo ndiyo movie bila DJ.

MzeeWaKanda

MseeWaUmoja, hiyo ya DJ nimeikubali, natamani ningeisema mimi. Nilikodisha kanda mtaani miaka ya 90 na nusu ya wateja wangu walikuwa wanazirudisha zile zisizo na tafsiri: "Hii haina mtu anayeongea."

Lakini BintiMvita mwanangu, nikujibu. Ukiangalia kwa makini, Al hajipambi. Muongo wa kawaida angejifanya shujaa au angalau mtu mwenye akili. Huyu anajionyesha mpumbavu, mwoga, mwenye kinyongo. Sue anapomwambia anaondoka, Al ananuna kama mtoto. Mteja akimpa bakshishi nono pale klabuni, anaitazama ile noti kama karatasi chafu. Nani anatunga uongo wa kujichafua hivyo?

BintiMvita

Muongo hodari, mzee. Huanza kwa kukupa vikosa vidogo vya kweli ili likubwa lipite.

Kapuku_Jr

Hapo mzee kapigwa chenga.

Wakili_wa_Kijiweni

Naombeni nivae joho kidogo, sitakaa sana.

Chukulia maelezo ya Al ni kweli tupu. Usiku ule wa mvua alikuwa na utetezi mzuri kuliko alivyodhani. Mosi, vidonge. Haskell alikuwa mgonjwa na ushahidi uko ndani ya gari. Pili, mwili wenyewe. Mtu aliyekwisha kufa moyo hausukumi damu, kwa hiyo jeraha la baada ya kifo halifanani na la mtu aliye hai. Daktari mzoefu ana pa kuanzia. Tatu, na hili watu hulisahau, maelezo ya mapema yana uzito. Anayekwenda polisi usiku huo huo akasema "mtu kanifia garini" na anayekamatwa wiki mbili baadaye akasema maneno yale yale hawapimwi kwa mizani moja.

Akayaua mwenyewe matatu yote. Alivyomaliza, ushahidi wa mazingira ulikuwa umekamilika na fundi ni yeye.

Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu inatenganisha kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, na kuua kwa kukusudia, 196. Tofauti ni nia ovu, na nia haionekani kwa macho, mahakama inaisoma kwenye matendo, yakiwemo ya baada ya tukio. Kuna kanuni ya mtu wa mwisho kuonekana na marehemu: huyo anatarajiwa atoe maelezo yanayoingia akilini, akishindwa, au akikutwa anadanganya, uongo wake unaweza kuupa nguvu ushahidi wa upande wa mashtaka. Marekani nao mizizi ya sheria yao ni ile ile ya Waingereza, hawako mbali.

Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi kwa namna yake. Hakuna aliyemshtaki. Alimwandalia mwendesha mashtaka jalada zima na kulifunga utepe.

MzeeWaKanda

Ahsante wakili msomi. Naongeza kitu nilichokiona mara ya tatu au ya nne. Haskell akiwa hai anamwonyesha Al kovu la zamani. Utotoni alicheza upanga na mwenzake, akamtoboa jicho, akakimbia nyumbani na hakurudi tena. Yaani mwenye gari naye ni mtu aliyekimbia baada ya ajali! Al anavaa suti yake, anachukua jina lake, na kumbe anarithi na tabia. Filamu inalipitisha hili harakaharaka ukiwa bado unamshangaa Haskell na majigambo yake.

Sasa tuje kwenye ufukara, maana ndio ulionifanya niipende.

Studio ni PRC, moja ya zile ndogo zilizoitwa Poverty Row, mtaa wa makapuku wa Hollywood (Kapuku, wenzako hao). Mwongozaji Edgar G. Ulmer kazaliwa 1904 Olomouc, wakati huo ni Austria-Hungaria, leo ni Ucheki. Mwaka 1934 alikuwa studio ya Universal, akatengeneza The Black Cat, akiwa na Boris Karloff na Bela Lugosi, na ikaingiza fedha. Alikuwa njiani kuwa mtu mkubwa. Akampenda Shirley, mke wa mpwa wa mwenye studio. Shirley akaachana na mumewe, akaolewa na Ulmer, na milango ya studio kubwa ikafungwa. Wakafanya kazi pamoja maisha yao yote yaliyobaki, Shirley akiwa msimamizi wa mwendelezo wa muswada.

Kuna hadithi maarufu kwamba Detour ilipigwa kwa siku 6 na dola 20,000. Ulmer mwenyewe aliipenda hadithi hiyo. Nyaraka zinasema vingine: bajeti ilikuwa chini kidogo ya dola 90,000, ikaishia kupita 117,000, na siku za kupiga zilikuwa zaidi ya mara mbili ya hizo 6. Bado ni senti ukilinganisha na studio kubwa, ila mnaona hata mwongozaji naye alikuwa na kipaza sauti cha DJ.

New York ya filamu hii ni ukungu. Kweli kabisa. Al na Sue wanatembea usiku, ukungu umetanda, kinaonekana kibao cha mtaa, taa, basi. Hakukuwa na fedha ya kujenga mitaa, wakamwaga ukungu. Jangwa lote mnaloliona nyuma ya gari ni picha inayorushwa kwenye kitambaa studio, gari limesimama. Al akimpigia Sue simu, tunaonyeshwa nguzo za simu na wadada wa mitambo wakichomeka waya, kisha Sue ameshika mkono wa simu, na neno lake hata moja hatulisikii. Al anaongea, Al anajibiwa na nyaya.

Nyota_ya_Kusini

Nimeangalia jana usiku kwa ubishi tu. Sikulala.

Swali la kijinga: mbona mwanzoni magari yanapita kushoto? Mimi sikushtuka, nimeona kama Morogoro Road. Dereva kakaa kulia, Al anapandia kushoto, safi. Baadaye kwenye gari la Haskell usukani umehamia upande mwingine. Marekani si wanapita kulia?

MzeeWaKanda

Nyota, swali lako si la kijinga hata chembe. Wamarekani wakifika hapo wanaruka kwenye viti!

Ile mikanda iligeuzwa. Kwenye ramani New York iko kulia na Los Angeles iko kushoto, kwa hiyo Ulmer alitaka safari iende kutoka kulia kwenda kushoto wakati wote. Vipande vya kuomba lifti vilikuwa vimepigwa vikielekea upande wa pili. Kurudia ni gharama, basi wakaigeuza filamu kama unavyogeuza kanga nje ndani. Magari yakahamia kushoto na usukani ukahamia kulia. Mmarekani anaona dunia imepinduka, mtu wa Dar au Mombasa anaona barabara ya kwao.

MseeWaUmoja

Hii imenimaliza. Tumeishi miaka yote tukidhani Hollywood ndio hawajui kwetu, kumbe kuna dakika moja walikuja wakapita Thika Road.

BintiMvita

Mbona mnamkwepa Vera? Wanaume mtajadili usukani mpaka asubuhi.

Ann Savage alikuwa na miaka 24. Anaingia filamu ikiwa karibu nusu, na akiingia wengine wote wanageuka samani. Hatabasamu ili apendwe. Ana kikohozi kinachogusiwa kwa mafumbo tu, lakini unakielewa: huyu hana muda mrefu, na anajua. Akimwamrisha Al anakata maneno kama mtu anayepasua kuni. Halafu kuna ule usiku wa pombe, kwa sekunde chache anamwekea Al mkono begani, anataka aguswe, Al anaukwepa. Uso wake unafungwa palepale. Mimi hapo nilimsamehe nusu ya maovu yake.

Na ndiyo maana simwamini Al. Mtu anayemsimulia Vera kama shetani, kamera inamwonyesha ni msichana mgonjwa, mpweke, mwenye njaa na hasira. Kamera na Al hawakubaliani.

Angalieni kifo chake. Al anaingia, anauona mwili kupitia kioo, kisha kamera inatangatanga chumbani. Kitu kimoja kinakuwa wazi, kinafifia, kinakuja kingine, kinafifia. Simu, chupa, vitu vyake vya kujipamba. Dakika nzima hakuna kukata. Macho ya mtu anayehesabu vitu vitakavyomfunga. Au macho ya mtu aliyepigwa butwaa? Chagueni wenyewe.

Kapuku_Jr

Mwisho inakuwaje? Anakamatwa au hakamatwi? Maana nimeona gari la polisi ila sijaelewa.

Wakili_wa_Kijiweni

Kapuku, Hollywood ya wakati huo ilikuwa na kanuni zake za maadili, na filamu haikupita bila kibali. Muuaji hakuruhusiwa kutoka mzima. Kwa hiyo Al anatembea barabarani usiku, gari la polisi linasimama, anaingia bila ubishi. Sauti yake inasema majaaliwa, au nguvu fulani isiyoeleweka, inaweza kukunyooshea kidole wewe au mimi bila sababu yoyote.

Ila sikiliza kabla ya hapo: anasema siku moja gari litasimama kunichukua ambalo sikuliomba lifti. Siku moja. Kisha linasimama. Ni kweli limekuja au analiwaza? Walioweka kanuni waliridhika, na wenye macho wakabaki na swali.

MzeeWaKanda

Na Tom Neal, wakuu. Hili si la filamu, ni la kweli. Mwaka 1951 alimpiga mwigizaji mwenzake Franchot Tone mpaka akamvunja pua na mfupa wa shavu, wakigombea mwanamke, na kazi yake Hollywood ikaishia hapo. Akawa mtunza bustani. Mwaka 1965 mkewe alikutwa amepigwa risasi nyumbani kwao Palm Springs. Utetezi: bastola ilifyatuka kwa bahati mbaya. Akahukumiwa kwa kuua bila kukusudia, akatumikia miaka 6, akatoka Desemba 1971, akafa 1972. Mwaka huo huo alikufa Ulmer.

Sichambui. Nimeyaweka tu.

BintiMvita

Ajali nyingine. Haya.

Tingo_Mstaafu

Mimi si mtu wa filamu. Nimesoma uzi huu kwa sababu ya neno moja la mleta uzi, "nani ataniamini".

Nilikuwa tingo wa semi, njia ya Dar hadi Tunduma. Usiku mmoja tumepita Mafinga, dereva wangu akasema kifua kinambana. Akaegesha, tela likabaki nusu barabarani. Akaniambia weka majani, nilale dakika 10. Nikashuka, nikakata matawi, nikayalaza nyuma kwa kupangana, nikagonga matairi, nikarudi. Nikamwita. Nikamshika bega. Alikuwa bado wa moto.

Saa 9 usiku, baridi ya kule mnaijua. Mfukoni mwake kuna hela ya safari. Mimi leseni sina, mkataba sina, kampuni ilikuwa inanijua kwa jina la utani tu. Nikafungua mlango nikashuka. Sikuwa nimeamua kitu, miguu tu. Nikatembea ubavuni mwa tela mpaka mwisho, upande wa msitu. Nilikuwa naondoka, nasema ukweli.

Nikafika kwenye yale majani. Yalikuwa mabichi, yanatoa utomvu. Nikayatazama nikawaza, watauliza nani aliyeyakata. Marehemu hakushuka. Basi kulikuwa na mtu wa pili, na huyo mtu wa pili yuko wapi? Nikakaa chini pale pale kwenye majani mpaka lori lingine likaja.

Nilihojiwa kutoka asubuhi hadi jioni. Hela ilipungua 5,000. Ilikuwa chai, chapati na supu, Mafinga, tulikula wote. Hiyo 5,000 niliulizwa mara tatu na mara zote niliijibu hivyo hivyo, chai, chapati, supu. Daktari akasema moyo. Nikaachiwa.

Kwa hiyo dada anayesema Al ni muongo, sikupingi. Lakini mimi nilikuwa sijaua mtu na nilikuwa tayari nimeshapita tairi la mwisho.

BintiMvita

Pole sana kaka. Sina la kuongeza leo.

Wakili_wa_Kijiweni

Pole mkuu. Yale majani ndiyo yalikuwa wakili wako.

MzeeWaKanda

Tingo, ahsante kwa kutuamini na hilo. Nimelisoma mara mbili.

Kwa wanaotafuta nakala: epukeni zile za bure zenye mikwaruzo kama mnaweza. Nakala nzuri ni ya mwaka 2018, ilisafishwa kwa kutumia nakala iliyokutwa kwenye hifadhi ya filamu Ubelgiji, yenye maandishi ya Kifaransa na Kiflemi chini, wakayafuta fremu kwa fremu. Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa mwaka 1992. Kwenye nakala hiyo ukungu wa New York unauona ulivyo mzito, na mvua ile ya usiku unaisikia inavyopiga paa.

Tingo_Mstaafu

Mzee, nimeitafuta hiyo hiyo. Nimefika pale anaposimama kufunga paa, anamwita mwenzake. Nimezima. Nitaimalizia kesho mchana.